Vyumba Kumi vya Ukumbi Mmoja

Hapo zamani za kale, ingawa si kale sana, maana simu zilikuwa zimeshafika porini na hata Kobe alikuwa nayo, palikuwa na chuo kikuu cha wanyama. Sogeeni karibu. Na wewe unayevuta mkeka acha, wote mtaenea.

Chuo hicho kilifundisha kwa mtandao, lakini kila mkubwa alikuwa na jukwaa lake la kukutania. Profesa Nyati na wenye pembe walikutana kwenye jukwaa moja. Daktari Kiboko na watu wa majini walikuwa na lao. Daktari Fisi naye lake. Na Mwalimu Digidigi, yule swala mdogo kuliko wote, mwenye miguu kama vijiti vya kuchokonolea meno, alikuwa na kajukwaa kake ka bure. Humo alifundisha Darasa la Mashimoni: mafuko, panya na pimbi, thelathini na mmoja kwa jumla.

Aliyekiendesha chuo ni Makamu Mkuu Tembo, na Tembo alikuwa amechoka. Jumanne moja aliingia kikao cha Kiboko akidhani ni cha Nyati, akasikiliza habari za matope saa nzima, na kwa adabu zake akauliza na swali.

"Sasa basi," akasema. "Kuanzia Jumatatu chuo kizima jukwaa moja. Litaitwa Ukumbi. Haya mengine yote yafungwe Ijumaa jioni. Neno la siri moja nalikumbuka, la pili halikai kichwani."

Ukumbi ulikuwa na vyumba kumi tu vya kufundishia. Kamati ya kuvigawa ilikuwa Nyati, Kiboko na Fisi. Mnadhani waliumiza kichwa? Nyati alichukua vinne, Kiboko vitatu, Fisi vitatu, wakaenda zao kunywa chai.

Digidigi aliposikia, alikwenda mbio kwa Nyati, tiki tiki tiki.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Sema haraka, nina kikao."

"Nasikia vyumba vimeshagawanywa. Darasa langu sijaliona."

"Halimo," Nyati akasema, huku anatafuna. "Wanafunzi wako ni wadogo, Mwalimu. Waje chuoni kwa miguu, wakae darasani kama zamani."

"Profesa, kutoka mashimoni hadi chuoni ni uwanda mtupu. Juu mwewe, chini nyoka. Ule mwaka wa kwanza waliondoka arobaini, wakafika tisa."

"Pole sana," Nyati akasema, na akaendelea kutafuna.

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko alikuwa ndani ya maji, yanaonekana masikio na pua tu.

"Vitatu havinitoshi hata mimi, mama. Huuoni mwili huu?"

"Chumba cha mtandaoni hakiangalii mwili, Daktari."

"Ndivyo mnavyosema nyie wembamba," Kiboko akajibu, chubwi, akazama.

Fisi ndiye aliyempokea vizuri. Alimpa hadi kiti.

"Shemeji, usihangaike. Waje tu kwa miguu. Njia inapita mlangoni kwangu, nitawapokea mwenyewe."

Akacheka. Digidigi alitamani kumtemea mate, lakini alisema asante, akaondoka.

Jioni hiyo, kipindi kilipokwisha, Fuko mmoja wa mwaka wa tatu alibaki. Mafuko hawaoni kioo cha simu, husikiliza tu, na huyu alisikiliza kuliko wote.

"Mwalimu, Jumatatu tunaingilia wapi? Nimebakiza miezi miwili nimalize."

"Ijumaa nitawaambia," Digidigi akasema.

"Mama anasema kama ni kwa miguu, niache shule."

"Nimesema Ijumaa, mwanangu."

Alizima simu, akalia. Ndiyo, alilia, msicheke. Na wewe ungelia.

Lakini kichwa cha Digidigi hakikujua kukaa bure, hata chenye machozi. Katikati ya kilio akakumbuka kikao cha mwezi uliopita. Kwenye kioo Nyati alikuwa ametulia na tai yake shingoni, uso wa mtu anayefikiri. Ila alikuwa amesahau kuzima maiki, na kwa mbali ikasikika sauti ya majani yanayong'olewa, nyofu, nyofu. Kiboko naye uso mkavu kabisa, halafu huko nyuma, chubwi.

Kumbe zilikuwa picha. Wakubwa waliingia kikaoni, wakaweka picha zao mahali pao, wakaenda kula.

Machozi yakakatika. Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa Tembo.

"Mheshimiwa, nasikia hakuna anayetaka ukatibu wa kikao cha Ijumaa."

"Hakuna. Kila mtu ana kazi nyingi ghafla."

"Mimi nitaandika. Ila nilikuwa nawaza jambo. Ile taarifa yako ya safari, kurasa sitini na tatu, haijawahi kusomwa yote kikaoni."

Masikio ya Tembo yakafunguka, vuu. "Kweli haijawahi. Wananiambia muda hautoshi."

"Basi iwe ajenda ya kwanza. Ya pili, mgawanyo wa vyumba. Tuanze saa sita mchana."

"Saa sita si wakati wa chakula?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Wote watakuwa macho."

Tembo akaona huyu ni katibu wa kweli.

Ijumaa ikafika. Ting, Nyati kaingia. Ting, Kiboko. Ting, Fisi. Nyuso zote za wakubwa zikajipanga kwenye kioo. Tembo akakohoa, akaanza kwa ile sauti yake nzito ya kubembeleza watoto.

"Sura ya kwanza. Kuondoka."

Hata ukurasa wa nne alikuwa hajaufikia. Nyati aliweka picha, akaenda majanini. Kiboko aliweka picha, akaingia mtoni. Fisi alikuwa amenusa kitu nyuma ya kilima. Naye akaweka picha, akatoweka. Kila mmoja alijiambia moyoni: vyumba tumeshagawana, hiyo ajenda ya pili ni ya kupitisha tu.

Tembo alisoma. Alisoma milima, alisoma mito, alisoma mpaka bei ya miwa alikolala. Digidigi hakutoka hata kwenda kunywa maji.

"Mwisho," Tembo akasema saa tisa kasoro. "Ajenda ya pili. Katibu."

Digidigi akasoma kwa sauti safi, na hakuficha neno.

"Pendekezo la kamati ni Profesa Nyati vyumba vinne, Daktari Kiboko vitatu, Daktari Fisi vitatu. Mimi naomba marekebisho. Kila mmoja atoe kimoja, vitatu hivyo viende Darasa la Mashimoni. Wenyewe wapo hapo, waulizwe."

"Profesa Nyati?" Tembo akauliza.

Picha ikamtazama.

"Daktari Kiboko?"

Picha ikamtazama.

"Wametulia sana leo," Tembo akasema. "Taarifa imewagusa. Daktari Fisi?"

Hapo hapo maiki ya Fisi ikafunguka. Ka, ka, kruu. Mfupa. Fisi alikuwa amerudi. Digidigi akaacha kuandika, maana Fisi angesema hapana moja tu, na Fuko angerudi kulima mizizi na mama yake.

"Daktari Fisi," Tembo akarudia, "unasemaje?"

Fisi hakujua kinachoulizwa ni nini. Alikuwa amesikia jina lake, basi. Angefanyaje? Angeuliza mnaongelea nini, wote wajue alikuwa wapi? Akameza mfupa mzima mzima, akafanya kama afanyavyo kila mchelewaji kwenye kikao.

"Naunga mkono, Mheshimiwa Mwenyekiti. Asilimia mia moja."

"Vizuri. Mwenye pingamizi?" Tembo akavuta maji kwa mkonga, shuuu, akanywa taratibu, akangoja. "Hakuna. Imepita. Katibu, andika."

Digidigi aliandika.

Jumatatu asubuhi Nyati, Kiboko na Fisi walikuja ofisini kwa Tembo kwa pamoja, na ardhi ilikuwa inatetemeka, vugu, vugu. Walimkuta Digidigi anapanga karatasi.

"Mheshimiwa, tumenyang'anywa vyumba," Nyati akaunguruma. "Huyu katuandikia uongo."

"Katibu?" Tembo akasema.

"Muhtasari huu hapa, Mheshimiwa." Digidigi akasoma taratibu. "Waliohudhuria: Profesa Nyati, kuanzia saa sita hadi mwisho. Daktari Kiboko, vilevile. Daktari Fisi, vilevile, na aliunga mkono. Profesa, kama hukuwepo niambie tu, nitalifuta jina lako sasa hivi."

Nyati akafungua mdomo.

"Ngoja kwanza," Tembo akasema, na masikio yake yakaacha kupepea. "Nilisoma kurasa sitini na tatu. Kama hamkuwepo, nilikuwa namsomea nani?"

Nyati akamtazama Kiboko, Kiboko akatazama sakafu.

"Tulikuwepo, Mheshimiwa," Nyati akasema kwa sauti ndogo.

"Kabisa," Kiboko akasema.

"Mimi ilinigusa moyo," Fisi akadakia.

"Sehemu ipi, Daktari?"

Fisi akafikiri. "Ile ya kuondoka."

Tembo akatabasamu, akawaruhusu waende. Nao wakaenda, kila mmoja na chumba pungufu, na hakuna aliyethubutu kusema kwa nini.

Digidigi akakaa kwenye kona ya ofisi, akafungua Ukumbi. Ting.

"Mwalimu," ikasikika sauti ya Fuko, "nimeingia. Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa, mwanangu. Waite wenzako tuanze."

Nanyi wajukuu zangu, mkiitwa kikaoni nendeni wenyewe, maana linaloamuliwa mkiwa hampo litawahusu vilevile.