Kiti Kimoja cha Komeo

Sogeeni karibu, na mwenye karanga atafune taratibu. Hii haina sungura wala jini. Ina vijana watatu, maziwa, na mwizi ambaye hakuna aliyemwona hata unywele.

Mjini Same palikuwa na kampuni iitwayo Komeo. Kazi yake kulinda kompyuta za watu dhidi ya wadukuzi, wale wezi wanaoingia bila kuvunja dirisha. Mwaka huo Komeo ilichukua wanagenzi watatu waliomaliza shule tu, bila kupita chuo, wajifunze kazi wakiwa kazini, kama seremala anavyomfundisha mtu kushika randa. Mwisho wa mwaka mmoja wao angeajiriwa. Mmoja tu. Kiti chake kilikuwepo tayari pale dirishani, cheusi, cha kuzunguka, bado kimevaa nailoni yake.

Wa kwanza ni Nakunda, binti aliyelelewa na ng'ombe kuliko na watu. Kipaji chake ni kutoamini kitu kwa kuambiwa. Mwambie chai ina sukari, ataonja. Wa pili ni Mbonea, kijana mkimya, mwembamba kama ufito. Huyo ukimwekea skrini iliyojaa maandishi yanayokimbia, analiona kosa kama wewe unavyoliona jiwe kwenye mchele. Wa tatu ni Elirehema, mwenye mdomo. Angeweza kuifanya nguzo ya umeme imsimulie shida zake.

Nakunda alikitaka kile kiti mpaka akawa anakiota. Mjomba wake alikuwa amempa mwaka mmoja na si zaidi.

"Kulinda kompyuta ndiyo kazi gani? Kwani zinatembea?" alimwambia. "Mwaka ukiisha huna ajira, unakwenda Hedaru kwa shangazi yako. Cherehani inakungoja."

Nakunda hakuwa na ugomvi na cherehani. Ila akishika sindano, hujichoma yeye kwanza, kitambaa baadaye.

Basi wiki ya mwisho, mkufunzi wao, Madamu Senkondo, akawapeleka kiwanda cha maziwa cha Mlalengo, juu milimani, wakakague kompyuta zinazoendesha matangi ya baridi. Maziwa ya milima yote ile yanaishia mle.

"Mnatazama, mnauliza, mnaniambia," alisema Madamu. "Hakuna kugusa mali ya mteja bila neno langu. Mmesikia?"

"Ndiyo, Madamu."

"Elirehema, nakuuliza wewe."

"Nimesikia kuliko wote, Madamu."

Akaondoka na meneja wa kiwanda kwenda kuona ghala la juu, kule ambako simu haishiki. Alipotokomea tu, mambo yakaanza.

Nakunda alikuwa amesimama mbele ya tangi. Skrini ilisema maziwa ni ya baridi, hayana neno. Lakini bomba lilikuwa kavu. Bomba la baridi hutoka jasho, hilo hata paka wa kiwanda anajua.

"Mbonea, hili bomba halina jasho."

"Skrini inasema baridi."

"Skrini imewahi kukamua?"

Akafungua mfuniko, akapandisha mkono wa sweta, akachovya kiwiko ndani, kama wanavyopima kwao maziwa ya ndama. Vuguvugu!

"Skrini inadanganya! Kuna mtu yumo humu ndani ya kompyuta!"

"We mtoto!" mfanyakazi mmoja alipiga ukelele. "Kiwiko chako kwenye maziwa ya watu?"

Ni kweli, maziwa ya tangi lile yalimwagwa yote. Nani anywe kiwiko? Lakini bila kiwiko hicho, matangi mengine yote yangechacha huku watu wakiyatazama na kutabasamu.

Mbonea alikuwa keshavuta kiti. Maandishi yakakimbia, macho yake yakakimbia nayo, kisha yakasimama.

"Mama Ndeshi yuko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu," akajibu mama wa mapokezi kutoka mlangoni.

Kompyuta ilisema Mama Ndeshi, sasa hivi, anazima baridi ya tangi la katikati. Na Mama Ndeshi mwenyewe huyo pale, mikono yote miwili imeshika kikombe cha uji! Nakunda alisisimka mpaka kisogoni. Mwaka mzima wamefundishwa habari za adui, leo wamemkuta yumo nyumbani, anatembea, kavaa jina la mtu.

"Mtoe!" alisema.

"Madamu amesema tusiguse..."

"Madamu hapatikani! Maziwa je, yatamsubiri?"

Mbonea akakata mtandao wa kiwanda kizima. Adui akatupwa nje, baridi ikarudi. Ila na mashine ya kupokelea maziwa ikalala vilevile, na akina mama waliopanda mlima na ndoo zao wakabaki getini juani, wakiutukana ukoo wa Mbonea mpaka kwa babu zake.

Akabadilisha neno la siri la Mama Ndeshi, akawasha mtandao ili wahudumiwe. Wakapigana viganja. Walifurahi mapema. Baridi ikazimika tena. Adui alikuwa na mlango wa pili, na safari hii kajificha vizuri; Mbonea alipekua asimwone.

"Mama Ndeshi, ulimpa nani neno lako la siri?" Nakunda aliuliza, kavu kama askari.

"Mimi? Mwizi mimi?" Mama Ndeshi akaanza kulia, na mtu anayelia ndiyo basi tena, humpati.

Elirehema akamshika mkono, akamtoa nje, wakakaa kwenye makreti. Nakunda dirishani aliona midomo tu. Sisi tutasikia.

"Mama mdogo, huyo mtu alisalimia vizuri, eti?"

"Vizuri mno kwenye simu, mwanangu. Aliuliza goti langu. Akauliza mvua, mahindi, mjukuu aliyeugua surua. Akasema ni fundi wa matangi."

Pale Mlalengo salamu ndiyo kitambulisho. Ukishasalimiana na mtu mpaka mkafika kwenye mahindi, kumuuliza "kwani wewe ni nani?" ni tusi.

"Hata mimi ningempa," Elirehema alisema. "Ulimpa lako tu?"

"Na la meneja. Huwa namfungulia kompyuta asubuhi. Usiniseme, baba. Watanifukuza."

"Sikusemi."

Akarudi ndani mbio. "Mbonea! Adui kavaa jina la meneja!"

"Umejuaje?"

"Funga!"

Mbonea akafunga. Mota zikanguruma, matangi yakatetemeka, bomba likaanza kutoka jasho, na Nakunda akalikumbatia kama ndugu aliyetoka safari. Walirukaruka, wakapiga makelele, mpaka Madamu Senkondo akasimama mlangoni na meneja, wakidhani kuna moto.

Akasikiliza yote. Hakucheka.

"Nakunda, umemwagisha tangi zima. Kugusa bomba kwa nje kusingetosha?"

"Kungetosha, Madamu. Sikufikiri."

"Mbonea, ulikata mtandao wa watu bila neno langu."

"Ningengoja, yangechacha."

"Elirehema, huyo adui maneno ya siri aliyapataje?"

"Siwezi kusema, Madamu. Nimeahidi."

"Kesho akija tena kwa njia hiyohiyo?"

Elirehema akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Mimi ndiye niliyeona kwanza," Nakunda alisema. "Bila mimi wangefanya nini?"

"Ungeona tu," Mbonea akajibu. "Kuona kunafunga mlango?"

"Na wewe ulifunga mmoja," Elirehema akasema, "ukaanza kupiga viganja."

Wote watatu walisema kweli, na hiyo ndiyo taabu. Madamu Senkondo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Ukimtoa mmoja wa hawa, maziwa yamechacha. Ukimchukua mmoja, umechukua na kosa lake pamoja naye.

Hapo simu ya Nakunda ikaita. Mjomba.

"Enhe, vipi huko? Nimwambie shangazi yako akutengee cherehani, au?"

Nakunda alimtazama Madamu. Madamu akatazama dari.

"Subiri kidogo, mjomba," alisema. "Usikate."

Mjomba yuko hewani, na vocha yake si nyingi. Kiti ni kimoja, nailoni haijavuliwa. Mwenye kiwiko, mwenye macho, au mwenye mdomo? Nawe unayetafuna karanga, acha kwanza ujibu: ungemkalisha nani?