Ulipima Saa Ngapi?

Alikuwapo mpima ardhi mmoja, ndugu zangu, mwanamke kijana aliyesoma mpaka chuo kikuu, na hakuna alichokiogopa kama kukosea. Akiandika tarakimu aliisoma kwa sauti, akaifuta, kisha akaandika ileile.

Siku moja ofisi yake ikamtuma pwani, kijijini alikozaliwa. Mahali hapo mkono wa bahari umeingia kati ya nchi mbili, huku kwao, kule kwa majirani. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Sasa serikali zilikuwa zimeafikiana: mpaka upite katikati ya maji, ila penye njia ya miguu ya wananchi pasifungwe. Ndiyo maana fomu yake ilikuwa na swali moja dogo, chini kabisa ya ukurasa: Je, hapa panapitika kwa miguu?

Alifika saa saba mchana. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko. Akapima kina: mita mbili na sentimita arobaini. Akaandika. Kisha akaenda kula kwa mama yake.

"Na hapo chini umejaza nini?" mama akauliza.

"Hapana. Maji yamezidi mita mbili, mama. Nani atapita?"

"Sisi. Siku ya kumzika baba yako tulimpitisha hapo mabegani, na wachukuzi hawakulowa hata pindo. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, umelala."

Maana upande wa kijiji ni matope matupu. Ukichimba kaburi, linajaa maji. Tangu enzi za mababu, wafu wa kijiji huzikwa ng'ambo, kwenye mchanga wa juu. Mtu akifa pale, hawaulizi mazishi ni saa ngapi. Huuliza maji yanapwa saa ngapi.

"Lala hapa," mama akasema. "Kesho saa moja asubuhi nitakuvusha mwenyewe."

"Gari linaondoka saa kumi, mama, na ripoti inatakiwa kesho. Nitakuja kurekebisha."

"Bahari hiyo huondoka na kurudi mara mbili kwa siku, wala haioni haya. Wewe unaona haya kurudi mara moja?"

Binti akacheka, akambusu mkono, akaenda. Ndani ya gari aliisoma fomu mara tatu. Kila tarakimu ilikuwa sahihi.

Kila mwezi alitaka kurudi. Kila mwezi kazi ikawa nyingi. Mwaka wa tatu pakajengwa kituo cha mpaka, na kabla mwezi haujaisha, mama akafariki.

Walibeba jeneza asubuhi, maji yamepwa, mchanga mkavu umenyooka mpaka ng'ambo. Hata wale wa ng'ambo walikuwa wamekwisha chimba kaburi, ubavuni mwa baba. Walionekana kule, wamesimama na majembe. Askari akatoka kibandani.

"Poleni na msiba. Lakini hapa hapapitiki."

"Afande," mchukuzi mmoja akasema, "wewe mwenyewe umesimama baharini na soksi zako kavu."

Askari hakucheka. Alifungua jalada. "Penye 'ndiyo' naruhusu. Hapa pameandikwa 'hapana'. Aliyeandika ni msomi, amepima mpaka sentimita. Mimi ni nani nimpinge?"

Binti akasogea, akautazama mwandiko. "Ni mimi niliyeandika."

Askari akafunga jalada. "Basi, dada, waandikie wakubwa. Barua ikija, nitafungua."

Walisubiri pale mpaka maji yakawafika vifundoni. Ndipo wakageuka. Wakamzika upande wa matope, na binti ndiye aliyeshika ndoo, akichota maji kaburini kabla ya kumlaza mama yake.

Ndugu zangu, mnamlaumu askari? Yeye alisoma kilichoandikwa. Mnasema bahari ndiyo iliyowatenga? Bahari ilikuwa ikiwapa njia mara mbili kila siku.

Na binti je, alisema uongo? Hapana. Ndilo linaloniumiza. Saa ile aliyopima, maji yalikuwa mengi kweli.

Sisi nasi tunaye mtu tuliyempima siku maji yamejaa: ndugu aliyetutukana msibani, jirani aliyetufungia mlango. Tulikuwa na haki, na tulichoandika kilikuwa kweli, saa ile. Lakini ni nani kati yetu aliyerudi asubuhi kutazama? Tumesema tutarekebisha. Tumesema mwezi ujao. Na huko ng'ambo huenda mtu amesimama na jembe, anatungoja.

Kwa hiyo mkitoka hapa, msinieleze kina cha kosa la mtu huyo. Nasadiki ni kirefu. Niambieni tu, kila mmoja wenu: ulipima saa ngapi? Na Mwenyezi Mungu atuamshe mapema, njia ikiwa bado kavu.