Mtoa Pole Si Mkosaji

Mtoa pole si mkosaji. Jana nilimwambia binti yangu Desideria maneno haya, nanyi wajukuu mkauliza nimeyatoa wapi. Chanzo chake ni hiki.

Alfajiri moja, ugenini Uskoti, babu yenu Osmund Ndunguru alisikia mlio wa vikombe jikoni. Akachungulia. Mwenyeji wake, Bwana Murdo, alikuwa ameweka vikombe viwili mezani. Kimoja akakirudisha rafuni, akanywa chai peke yake. Osmund hakulitilia maanani. Usingizi ulikuwa umemruka kwa mengine. Mnunuzi wetu wa zamani alikuwa amejitoa, kahawa ya ushirika wetu wa Mbinga ilikuwa ikipoteza harufu ghalani, na mlima mzima ulimngoja yeye arudi na jibu la Murdo.

Kulipokucha, Murdo alimvika koti lake zito bila kuombwa, akasema kwao biashara huzungumzwa watu wakicheza gofu. Osmund hakuwahi kushika fimbo ya gofu. Akamfuata tu, sampuli za kahawa begani.

Mpira wa kwanza wa Murdo ukazama mchangani. "Pole," akasema Osmund. Sasa, Kiingereza hakina pole. Alitumia neno lao la kuomba radhi, kama sote tulivyofundishwa shuleni. Mpira ukapotea majanini: pole. Ukatumbukia bwawani: pole sana. Murdo akajikwaa: pole, mzee wangu. Kila pole ilizidi kumkunja uso mwenyeji, na kadiri alivyokunja uso, ndivyo Osmund alivyozidi kumpa pole.

Kwenye shimo la tisa Murdo akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Bwana Ndunguru, umeniomba radhi mara kumi na moja. Mpira nimeupiga mimi. Wewe una kosa gani? Kahawa yako ina nini?"

Neno la kwanza lililomjia Osmund lilikuwa lile lile. Akaliuma kwa meno.

"Kahawa ni njema, Bwana. Ila kwetu mtu akijikwaa, aliye karibu humpa pole. Akitoka safari, pole. Akifiwa, pole."

"Hata kama si wewe uliyemkwaza?"

"Hasa kama si mimi! Ningemkwaza mimi, ningesema samahani. Ninyi mmeyafunga maneno mawili kwa kamba moja."

Murdo akanyoosha fimbo yake kuelekea bwawani.

"Nilikuwa nikicheza hapa na mke wangu," akasema. "Alifariki mwezi wa pili. Rafiki zangu hawajui la kuniambia. Wananizungumzia mvua."

Ndipo Osmund akakikumbuka kile kikombe. Akatua begi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Safari hii akasema kwa Kiswahili: "Pole sana, Bwana Murdo."

Mzee akalijaribu lile neno mdomoni. "Poli," akasema, akafuta macho. Mchezo wakauacha hapo hapo.

Jioni jikoni walichemsha kahawa yetu, vikombe viwili. Murdo alikunywa chake, akaomba kingine, kisha akasema magunia yote yaje.

Osmund aliporudi nilimuuliza aliiuzaje. Akanijibu, "Mama Desi, mtoa pole si mkosaji." Sikumwelewa, mpaka Krismasi ilipoleta kadi kutoka Uskoti, naye akanisimulia haya yote. Kadi ilikuwa imeandikwa Kiswahili cha kujikongoja: "Poli na kilimo, Osmund. Kikombe chako kipo mezani. Njoo tena."