Makofi Mawili ya Lusonga

"Mguu huhama, sikio hubaki." Hayo ndiyo maneno ya Mzee Mwaijande, mtunza uwanja wa Chuo cha Lusonga, alipoambiwa kwamba Gwakisa, mchezaji tegemeo wa mpira wa kikapu, anafungasha mizigo yake kuhamia chuo kingine. Vijana waliokuwa wamenuna pembeni wakamuuliza methali hiyo imetoka wapi. Mzee akaweka chini ndoo yake ya chokaa. Aliwaambia wasiwasumbue wahenga wa watu, maana hii haikuwa yao. Ilizaliwa hapahapa Lusonga, na chanzo chake ni hiki.

Ulikuwa mwaka ule vyuo viliporuhusiwa kuwalipa wachezaji, na mchezaji akaruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mzima. Kabla ya hapo mtu alivaa jezi moja tangu anaingia chuoni mpaka anahitimu. Sasa msimu ukiisha, simu zikaanza kulia, na kocha akawa hajui kesho ataamka na nani.

Wakati huo mchezaji bora wa Lusonga aliitwa Ambakisye. Uwanja wao ulikuwa huuhuu wa saruji, na ng'ambo ya ukuta mashine ya kusaga mahindi ikinguruma kutwa. Ukimwita mwenzako, hakusikii. Kwa hiyo kocha wao, Mwalimu Sekela, aliwafundisha makofi. Aliye peke yake chini ya kikapu hupiga mawili ya harakaharaka, na mwenye mpira humrushia papo hapo bila kugeuka, kwa sababu kugeuka ni kumwarifu mpinzani. Ambakisye na rafiki yake Lwitiko walifanya hivyo miaka mitatu, asubuhi na jioni, mpaka wakawa hawafikirii tena.

Ndipo Chuo cha Upeo kikampigia simu. Kilikuwa na uwanja wa mbao, basi lake chenyewe, na fedha. Ambakisye hakuwa mtu wa tamaa, ila mdogo wake wa kike, Tusa, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka chuo cha uuguzi kwa kukosa ada. Akatia saini, na wiki hiyohiyo Tusa akarudi darasani.

Mwalimu Sekela hakumlaumu. "Nenda, mwanangu," alisema. "Dada yako akikaa nyumbani ili mimi nishinde kombe, hilo kombe nitaliweka wapi?"

Lwitiko alikataa hata kumpa mkono. "Kumbe sisi tulikuwa ngazi tu," alisema, akaenda zake. Neno hilo lilimchoma Ambakisye kila alipovaa jezi mpya.

Huko Upeo wachezaji walikuwa wametoka vyuo tisa. Kila mmoja alikuwa hodari, na kila mmoja alicheza alivyozoea kwao. Kocha Kamugisha alikuwa mtu mwema, lakini alipoanza kuwazoea, nusu yao walikuwa wameshapigiwa simu kwingine.

Mungu si Athumani, wakafika fainali, na waliopangwa nao wakawa Lusonga.

Zilibaki sekunde nne, Upeo wakiongoza kwa pointi moja. Lusonga wakarusha, mpira ukagonga chuma ukatoka. Ambakisye akaruka juu ya wote, akaudaka. Kazi iliyobaki ilikuwa kuukumbatia tu. Nyuma ya mgongo wake yakalia makofi mawili. Mikono yake haikumuuliza, ikaurusha mpira nyuma. Alipogeuka, Lwitiko alikuwa ameshatua chini na wavu unatikisika. Filimbi ya mwisho ikalia. Lusonga wakavamia uwanja kwa shangwe, isipokuwa Lwitiko, aliyesimama akiitazama mikono yake.

Angekuwa anacheza bure, watu wangemcheka siku mbili wakasahau. Lakini anayelipwa akikosea, watu huuliza nani amemlipa zaidi. Ikasemwa ameuza mechi. Upeo wakausimamisha mkataba wake, wakaitisha kikao. Angeonekana ana hatia, asingecheza tena katika chuo chochote, na Tusa angerudi nyumbani mara ya pili. Ambakisye hakulala vizuri hata siku moja ya wiki ile.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa michezo wa Upeo. Mwalimu Sekela alipanda basi akaja bila kualikwa, Lwitiko nyuma yake.

"Sikuuza," Ambakisye alisema. "Nilisikia makofi."

"Makofi?" mwenyekiti wa kikao akacheka. "Uwanja mzima ulikuwa unapiga makofi!"

"Ni yangu hayo," Lwitiko akasema. "Nilimwona ana mpira, nami niko peke yangu. Nimepiga ndipo nikakumbuka kwamba alishahama."

"Ninyi marafiki lazima mteteane."

"Marafiki? Mwaka mzima sijamsemesha."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Mwalimu Sekela hakubishana. Aliokota mpira kando ya ukuta, akampa Ambakisye. "Nishikie, baba." Kisha akaomba wampumzishe kidogo kijana, wamuulize habari za nyumbani. Wakati huo Lwitiko alikuwa amesogea mlangoni.

"Dada yako anaendeleaje?" Kocha Kamugisha aliuliza kwa upole.

"Yuko mwaka wa pili, kocha. Mwezi ujao ana mtihani wa—"

Makofi mawili yakalia. Mpira ulikuwa mikononi mwa Lwitiko kabla Ambakisye hajafunga mdomo. Alibaki anaishangaa mikono yake mitupu, machozi yakimlengalenga.

Hakuna aliyecheka. Kocha Kamugisha akasema, "Niko naye mwaka mzima, na sijamuuliza hata siku moja huko kwao walikuwa wakiitana vipi."

"Ndiyo hivyo, kocha," Mwalimu Sekela akajibu. "Mguu huhama, sikio hubaki."

Mkataba ukarudishwa. Lwitiko akaja na mpira, hakuurusha, akaukabidhi mkononi mwa Ambakisye.

"Ungekuwa ngazi," Ambakisye akamwambia, "ningekusikia?"

Mzee Mwaijande akaishia hapo, akachukua ndoo yake. Vijana wakatazama langoni. Gwakisa alikuwa anatoka na begi lake begani, peke yake, maana tangu asubuhi hakuna aliyemuaga. Mmoja wao akainuka, akapiga makofi mawili ya harakaharaka.

Gwakisa alisimama. Bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na vijana wakamkimbilia.

Mguu huhama, sikio hubaki.