Majivu ya Baba Yake Setsuko

Wapendwa, yuko mama mmoja wa Brazili, tumwite Setsuko. Baba yake alitoka Japani akiwa kijana, akaenda kule kulima kahawa. Setsuko kazaliwa kule, kakulia kule, na bado majirani walimwita Mjapani mpaka akazeeka.

Baba alipokuwa anakata roho alimwomba jambo moja tu: majivu yake yakalazwe Japani, katika kaburi la ukoo, pamoja na wazazi wake. Setsuko akafunga safari, chungu cha majivu kakipakata njia nzima.

Mwenye kauli juu ya kaburi lile alikuwa binamu yake, mtoto wa baba yake mkubwa. Alimsimamisha mlangoni. Kijapani cha Setsuko kilikuwa cha kizamani, kile cha baba yake, na binamu akakicheka waziwazi.

"Kaburi lile ni la Wajapani," akasema. "Wewe ni Mbrazili. Mila zetu utazijulia wapi?"

Jamani! Mtu kabeba baba yake mikononi, wewe unamuuliza uraia?

Setsuko aliumia, akameza machozi. Akaomba basi aruhusiwe japo kuliosha kaburi kwa maji, kama ilivyo desturi yao, kisha aende zake. Binamu akakubali shingo upande, wakaongozana.

Kufika makaburini, binamu akaingia safu ya kwanza, akatoka. Akaingia ya pili. Akainama kusoma jiwe hili, akasoma na lile, jasho linamtoka. Setsuko akampita kimya, akaenda mpaka safu ya tatu, ukutani, akaanza kung'oa magugu yaliyofika kiunoni.

"Ni hili," akasema. "Kule Brazili, kila mwaka Baba alinielekeza lilipo. Wewe ulikuja lini mara ya mwisho?"

Binamu akainama, akang'oa magugu pamoja naye. Majivu yakalazwa siku ile ile.

Na sisi je? Mtoto wa ndugu yetu kazaliwa ugenini, anarudi kwao, Kiswahili chake kinachechemea, nasi tunaangua kicheko kanisani humuhumu! Tunamwita mzungu. Nani katuweka mabawabu? Inaniudhi, nasema kweli. Wewe unayecheka, kaburi la babu yako unalijua? Umelipalilia lini?

Basi sogea mlangoni hapo, mwenzio amzike baba yake.