Ngiri na Chungu cha Nyanzobe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, mnisikilize. Zamani hizo za kale, watu na wanyama walipokuwa wakialikana, mvua iliikataa nchi ya Isalenge. Mtama ulikauka ukiwa mchanga. Vihenge vikabaki na panya, na panya nao wakahama.

Ng'ambo ya mlima walikuwa wamevuna. Watu wa Isalenge waliona haya kuomba, basi wakaweka Siku ya Kuonja. Desturi yake ilikuwa hivi: kila nyumba hupika chungu kimoja, na mgeni huonja, hutaja ladha aliyoipata, kisha humimina kibaba cha nafaka katika kihenge cha kijiji. Asiyetaja ladha hadaiwi. Na nyumba isiyopika haipati mgao.

Nyanzobe, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, hakuwa na cha kupika ila mbegu alizozifunga kitambaani akingoja mvua. Akizipika, atapanda nini? Asipozipika, mtoto atakula nini? Akafungua fundo, akalifunga, akalifungua tena. Mtoto akalia. Akazisaga zote, akakoroga uji.

Wageni wakaja. Twiga akaonja mlenda wa jirani, akasema una magadi, akamimina kibaba chake. Tembo naye akamimina chake. Kwa Nyanzobe akaja Ngiri, tajiri wa ng'ambo, kichwa juu, magunia mgongoni.

Akaonja. "Sijaipata ladha yake, mama. Nitie tena."

Akatiwa, akalamba midomo. "Sijaipata ladha yake, mama. Nitie tena."

Uji ukashuka chunguni, na moyo wa Nyanzobe ukashuka nao. Bi Holo, jirani yake, akamnong'oneza, "Mama Shija, huyo anakula, haonji. Sema naye." Nyanzobe akajibu kwamba mgeni hanyimwi, naye tangu azaliwe hajawahi kusema mbele ya watu. Mgongoni Shija akanusa harufu ya uji, akaanza kujinyonganyonga.

"Sijaipata ladha yake, mama. Nitie tena."

Upawa ukakwangua chini ya chungu. Nyanzobe akaushika, hakuuinua.

"Basi nitakutajia mimi, bwana Ngiri," alisema, sauti ndogo kama ya mgonjwa. "Hiyo ni ladha ya mbegu. Sina nyingine. Umekula shamba langu."

Watu wakamgeukia Ngiri. Ngiri akacheka, akauliza tangu lini shamba likaliwa kwa upawa. Hakuna aliyecheka naye. Pande zote mbili za mlima ilijulikana kwamba anayekula mbegu ya mwenzake, kwa kujua au kwa kutojua, hulipa mbegu na kulilima shamba kwa nguvu zake mwenyewe.

"Si wewe uliyemlimisha Sungura kwa jambo hilihili?" Tembo akamuuliza taratibu. "Au sheria ni ya wenye masikio marefu tu?"

Ngiri akashusha magunia. Nyanzobe akapata mbegu, na nyumba yake ikapata mgao. Lakini ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Ngiri akajaribu kuichimba kwa pua akiwa amesimama, ikamshinda. Akapiga goti moja, ikamshinda. Akapiga yote mawili, ndipo udongo ukakubali.

Mbegu zikafukiwa, na hofu ya Nyanzobe ikaanza upya. Wingu likija, anasimama. Wingu likipita, anakaa. Kila alfajiri alifukua kidogo kwa kidole kuona kama zimeoza, akazifunika haraka kama mtu aliyeiba.

Hata asubuhi moja akiwa ameinama hivyo, tone likamwangukia Shija kwenye paji la uso. Mtoto akashtuka. Likaja la pili, kisha mvua ikamwagika. Nyanzobe hakukimbilia nyumbani. Alikaa palepale kwenye matope, akalia, na mvua ikamficha machozi.

Tangu hapo, Isalenge mgeni humimina kwanza, ndipo anyooshe mkono. Naye Ngiri alizoea, hata leo hali mpaka apige magoti.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Mwenye shaka na amtazame ngiri akila.