Jina la Mtoto wa Doto

Sogeeni, nanyi wenye watoto mgongoni sogeeni. Hadithi hii nimepewa bila mwisho. Mwisho mtautoa ninyi.

Walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Wande alijaliwa kukaa. Akikaa mahali kwa ajili ya haki, hakuna wa kumwinua. Kulwa alijaliwa kuuona moyo wa mtu kabla mdomo haujasema. Na Margret, binti wa Kizungu, alijaliwa kutojali kuchekwa. Shule nzima ingemcheka, naye angemaliza uji wake.

Katikati yao alikuwa Doto, pacha wa Kulwa.

Siku hizo nchi ilikuwa imejitawala juzijuzi. Juu ya kilima cha Itundu palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu, yenye vitabu, vitanda na maji ya bomba. Watoto Weusi waliijua kwa paa lake tu. Serikali mpya ikatoa amri: shule ile nayo iwapokee. Mwalimu mkuu akajibu kwamba nafasi ni chache, hivyo kila nyumba itoe mtoto mmoja.

Kulwa na Doto walikuwa wamefaulu wote wawili. Baba yao hakusumbuka kufikiri.

"Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Anatangulia kunawa, anatangulia kula. Atatangulia na shule."

Ndiyo desturi ya pacha kwao, hakuna aliyebisha. Doto mwenyewe alisema, "Ndiyo, baba," akaenda kuchambua mboga. Kulwa akamtazama. Doto alikuwa akitupa majani na kubakiza vijiti.

Asubuhi ya safari, Kulwa akavua sare mpya, akamvika mwenzake.

"Utapigwa," Doto akasema.

"Nitapigwa leo. Wewe ungelia miaka yote. Haya, mdogo wangu, tangulia."

Hakupigwa. Baadaye baba alimwoza tu. Masomo ya Kulwa yakaishia pale.

Wande alikuwa ofisa elimu wa serikali. Ndiye aliyempandisha Doto kilimani. Wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi akainamisha kichwa.

"Dada, nimeambiwa niseme mwalimu mkuu amesafiri."

"Mbona namwona pale dirishani anakunywa chai?"

"Hata mimi namwona, dada. Nifanyeje?"

Wande akatandika kanga mbele ya lango, akaketi, akamweka Doto upande wa kivuli cha mwili wake. Jua likawaka. Wazazi wa Kizungu wakaja na magari yao, wasiweze kupita. Mlinzi akaleta maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Mwalimu mkuu akatoka akifoka kwamba atamshtaki kwa wakubwa.

"Nishtaki," Wande akasema. "Ukirudi utanikuta."

Jua lilipopoa, mnyororo ukafunguliwa. Lakini mashtaka nayo yalifika. Wande akahamishiwa wilaya ya mbali, na mama yake akafa huku nyuma asiwahi kumzika.

Basi Doto akawa ndani. Ila chakulani, kila alipoketi, benchi lilibaki tupu. Hawakumtukana, walihama tu. Siku moja akafunga sanduku lake la bati, akaliburuta mpaka langoni arudi kwao. Margret akamkimbilia, akalikalia lile sanduku.

"Ondoka, Margret."

"Siondoki. Ukienda, nani atanicheka nikiruka kamba nikaanguka? Wale wengine hawajui kucheka."

Doto akacheka huku kamasi zikimtoka. Tangu siku hiyo waliketi benchi moja, wao wawili. Rafiki za Margret hawakumsemesha tena. Hata dada yake wa damu, aliyesoma naye shuleni hapo, alimpita kama anapita mti.

Doto akasoma, akawa mwalimu, akarudi kufundisha kwenye kilima kilekile. Kila muhula ulipoanza alisimama langoni, akiwafunga vifungo vya sare watoto wageni.

Akaolewa na Masanja, akapata mimba. Siku ya kujifungua, aliyempokea mtoto alikuwa Margret, sasa muuguzi. Mtoto akalia vizuri. Damu ya mama ndiyo haikukatika.

"Ni msichana?" Doto akauliza.

"Msichana," Masanja akasema.

"Mpe jina la yule aliyenivusha lango."

"Yupi, mke wangu?"

Doto alikuwa ameshakata roho.

Kwao, mtoto hatolewi nje kabla kitovu hakijaanguka na hajapewa jina. Kitovu kilipoanguka, ndugu wakakusanyika. Wande alifika kutoka mbali, miguu imemvimba. Kulwa alikuwa na mtoto wake mchanga, akawa anawanyonyesha wote wawili. Margret alikaa karibu na mlango.

"Aitwe Kulwa," akasema bibi mmoja. "Damu ni damu."

"Kulwa ni jina la pacha," shangazi akajibu. "Huyu kazaliwa peke yake. Mnataka amtafute mwenzake kaburini?"

"Basi Wande."

"Wande alitumwa. Ile ilikuwa kazi yake."

Masanja akainua uso. "Alitumwa afike langoni, shangazi. Hakutumwa aketi."

"Na Margret?" yule bibi akauliza.

Shangazi akasema, "Tumwite mtoto wetu jina la watu waliotufungia lango?"

Margret akatazama chini. Kulwa akamhamishia mtoto ziwa la pili, akasema polepole, "Aliyelikalia sanduku hakulifunga lango."

Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyesema, "Ni mimi." Kila mmoja alikuwa anamlilia Doto.

Masanja akamchukua mtoto, akasimama naye kizingitini. Nje majirani wanangoja kumpokea, na jua la asubuhi limefika mlangoni. Mguu ameuinua, hawezi kuushusha, maana mtoto hana jina.

Bila Kulwa, Doto asingelifikia lile lango. Bila Wande, asingeliingia. Bila Margret, angelitoka.

Haya, mtoto ameanza kulia, na mlango uko wazi. Ninyi mngemwita nani?